Nimeacha kugombana na mvua

Mwaka wa tatu huu naishi Masaka, Uganda, na ndiyo kwanza mwili wangu umehamia.

Nilipofika nilikuwa napiga kazi za kompyuta hadi saa nane usiku, asubuhi kahawa tatu, mchana kichwa kinagonga. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, hata kuku ana saa yake ya kulala, wewe je?" Nikanuna. (Alikuwa sahihi, ila msimwambie.)

Huku ikweta iko jirani, pale Kayabwe, hivyo mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Jua huchomoza kwenye saa moja na kuzama kwenye saa moja. Nikaamua kulifuata: giza likiingia, kompyuta nazima. Wiki ya kwanza nilikodolea dari macho tu. Ya tatu nikaanza kuamka kabla ya jogoo.

Mvua za Machi hadi Mei tunapanda maharagwe, na kazi za mezani napunguza. Juni na Julai pakavu, ndipo nasafiri. Septemba jembe tena.

Halafu Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa! Watu wanasimamisha mabati na taa kali, wadudu wanateleza hadi kwenye mapipa. Hapo ratiba yangu ya kulala inakufa kabisa, tunakaa barazani kunyonyoa mabawa na miguu huku mama akisimulia. Wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe, unaongeza kitunguu na chumvi tu.

Jana nimepewa sahani ya pili bila kuomba.