Kisa kinasahaulika, uchungu unabaki

Mzee mwenye dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, anaweza kusahau kabisa kwamba umemfokea, halafu akashinda na uchungu asioujua umetoka wapi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya, huharibika mapema. Hisia hutegemea zaidi amigdala, sehemu nyingine ya ubongo. Nayo huguswa na ugonjwa, ila hisia mara nyingi hudumu kuliko kisa chenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa filamu za kuhuzunisha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni ilikuwa ingali imewakaa.

Kwa hiyo "Bibi, mimi nani?" tuiache. Ni mtihani, na akishindwa aibu inabaki naye. Mpe jibu kabla hajalitafuta: "Shikamoo bibi, ni Neema wa Masanja."

Kumbukumbu za ujana, takriban miaka 10 hadi 30, ndizo huchelewa kupotea. Ukitaka kuziamsha, chagua asubuhi baada ya chai, zima redio, akae na mtu mmoja, dakika 15 au 20 zinatosha. Mpe kitu kimoja mkononi. Michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, inafaa sana: aishike, aivunje, asikie inavyolia. Usitegemee harufu peke yake, kwa sababu pua nayo hudhoofika mapema. Sema tu, "Hii imekauka vizuri," kisha nyamaza. Subiri hata dakika nzima; wengi wetu tunaharibu hapa kwa kuongeza swali. Wimbo wa kulimia wa Kisukuma unaweza kufungua zaidi. Akichanganya dada na binti, usimsahihishe.

Kuna familia nyingi hapa Ziwa Victoria zilizopoteza watu meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996. Mama akimuulizia mumewe aliyekufa maji, ukamjibu "alishafariki," anaupokea msiba upya, na kesho tena. Shika hisia badala ya tarehe: "Umemkumbuka baba. Alikuwa anapenda kula nini?" Akilia, kaa naye, mshike mkono.

Wengine hali ni kinyume. Dimensia ya sehemu ya mbele ya ubongo huweza kuondoa huruma mapema, mtu akacheka msibani. Si dharau, na ndugu waelezwe hivyo waziwazi.

Ila akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akawa mkali au akazubaa, msiseme ugonjwa umepanda. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji. Apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.