Kwenda Cheltenham Kuwapima Farasi wa Viunzi

Treni ya asubuhi kutoka Paddington, London, kwenda Cheltenham Spa ilijaa sana Jumanne ile, 11 Machi 2025, hata abiria wengine wakasimama njia nzima, na karibu kila aliyepata kiti alikuwa amefunua gazeti la mbio kwenye ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ulibeba majina ya farasi saba ambao wangeshindania Champion Hurdle, taji la mabingwa wa mbio za kuruka viunzi, saa kumi alasiri. Nilisafiri na Mjomba, kaka yake mama, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa saisi katika mabanda ya farasi ya Ngong, Nairobi, na ambaye sasa anaishi London kwa binti yake. Ngong wanakimbiza farasi kwenye tambarare, bila kuruka kitu. Mjomba alitaka kuwaona kwa macho yake farasi wanaokimbia kwa kasi ya namna ile huku wakiruka, nami nilitaka kusikia hukumu ya mtu aliyelala na kuamka na farasi kwa miaka mingi.

Champion Hurdle ilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Ni maili mbili na kidogo, karibu kilomita 3.3, na njiani kuna viunzi vinane. Kiunzi ni fremu ya mbao iliyosukwa matawi, yenye kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, iliyochomekwa ardhini ikiinamia upande wanakoelekea farasi, na ikigongwa hulala. Kwa sababu hiyo farasi wa viunzi hafundishwi kupaa. Hufundishwa kupita chini chini, akikunja miguu haraka na kutua akiwa tayari anakimbia, kwa maana kila anachopoteza hewani hana budi kukilipa kwa pumzi mbele ya safari. Lakini mwenye kupita chini sana kwa kasi kubwa huacha nafasi ndogo mno kati ya kwato na mbao. Kwangu mimi hapo ndipo penye kipimo cha farasi yeyote wa mbio hizi: si kasi yake peke yake, bali namna anavyokifikia kiunzi akiwa katika kasi hiyo, hasa anapokuwa amechoka.

Baada ya Didcot nilimwonyesha Mjomba vilima vya upande wa kushoto. Huko Uffington, kwenye mteremko, kuna umbo la farasi lililochorwa kwa kuchimba majani na kujaza chokaa nyeupe, lenye urefu wa mita zipatazo 110 na umri wa karibu miaka 3,000. Kutoka kwenye treni huonekana kwa mbali tu, tena ukijua pa kutazama. Ng'ambo ya vilima hivyo ndiko kuliko Lambourn, kijiji ambacho maisha yake yote ni farasi, na hapo Lambourn ndipo lilipo banda la Seven Barrows la mkufunzi Nicky Henderson, ambaye kufikia siku ile alikuwa ameshinda Champion Hurdle mara tisa, kuliko mkufunzi mwingine yeyote. Farasi aliyetazamiwa kumpa ushindi wa kumi aliitwa Constitution Hill.

Ilikuwa vigumu kuzungumza juu ya Constitution Hill bila kuonekana umepiga chuku. Alikuwa na umri wa miaka minane na alikuwa ameshinda mbio zake zote kumi za viunzi. Mwaka 2022, akiwa bado mwanagenzi, alishinda hapo hapo Cheltenham kwa umbali wa urefu wa farasi 22, na mwaka uliofuata akatwaa Champion Hurdle yenyewe kwa urefu wa farasi tisa. Mruko wake wa mwisho siku ile ya 2023 nimeutazama tena na tena: aliondoka ardhini mbali na kiunzi, akapita na kutua bila kupunguza chochote, wakati farasi mwingine angeongeza hatua moja fupi ili ajikusanye. Mwaka 2024 hakukimbia kwa sababu ya maradhi ya njia ya hewa. Alirudi tarehe 26 Desemba kwenye uwanja wa Kempton, akamshinda Lossiemouth, farasi jike hodari wa Ireland, kisha Januari akashinda tena Cheltenham. Wachukuaji dau walimwamini kiasi kwamba aliyetaka faida ya pauni moja alilazimika kuweka pauni mbili.

Mjomba alisikiliza yote haya, kisha akauliza jambo moja tu: "Huo ugonjwa wa kifua ulimchukua muda gani, mpwa wangu?" Nilimweleza kwamba alikaa mwaka mzima bila kukimbia, tangu Kempton mpaka Kempton. Akasema kwamba farasi akishapona kifua hukimbia kama zamani, lakini mwenye kumpanda huchelewa kurudi kumwamini kikamilifu, na kwamba farasi huihisi shaka hiyo kupitia hatamu. Sijui kama maneno hayo yalimhusu Nico de Boinville, joki wake, ambaye nilimwona mtulivu katika mbio zote mbili za majira yale ya baridi. Niliyaandika kwenye daftari langu hata hivyo.

Mimi mwenyewe nilivutwa zaidi na State Man, na nadhani magazeti ya asubuhi ile hayakumtendea haki. Huyu ni farasi wa mkufunzi Willie Mullins wa Closutton, wilaya ya Carlow nchini Ireland, na hupandwa na Paul Townend. Mwaka 2023 alikuwa wa pili nyuma ya Constitution Hill, na mwaka 2024, mwenzake alipokuwa mgonjwa, alilichukua taji. Huko Leopardstown, Dublin, alikuwa ameshinda mbio ya mabingwa wa Ireland miaka mitatu mfululizo, ya mwisho ikiwa Februari ile ile ya 2025. Kosa lake machoni pa watu lilikuwa kwamba hashindi kwa mbwembwe. Hujiweka karibu na wanaoongoza, huruka sawasawa, husogea mbele karibu na mwisho na kumaliza kazi. Farasi wa aina hiyo husahaulika haraka, na akishindwa mara moja huambiwa amekwisha.

Na alikuwa ameshindwa, tena vibaya. Mwishoni mwa Desemba, hapo hapo Leopardstown, Brighterdaysahead, farasi jike wa mkufunzi Gordon Elliott, alimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 30, na State Man akamaliza wa tatu. King Of Kingsfield, farasi wa banda moja na Brighterdaysahead, alikimbizwa mbele kwa kasi kali tangu mwanzo ili kuwachosha wengine, na yule jike akaihimili kasi hiyo na kuendelea kuongeza. Aliyeiona mbio ile hakuweza kuipuuza. Zaidi ya hayo, sheria humpunguzia farasi jike ratili saba: madume wangebeba kilo 74 na kidogo pamoja na joki, yeye angebeba kilo 71. Mlima wa mwisho wa Cheltenham ukiwadia, kilo tatu si neno dogo. Niliamini kwamba angemsumbua Constitution Hill, lakini nilikuwa na swali juu yake ambalo wengi waliliruka: mwaka mmoja nyuma, kwenye uwanja huu huu, katika mbio ya majike wanagenzi, alishindwa na jike mwingine. Jina la aliyemshinda ni Golden Ace, kutoka banda dogo la Jeremy Scott huko Somerset, naye pia alikuwa miongoni mwa saba wa siku ile. Dau lake lilikuwa 25 kwa 1.

Waliobaki tuliwapitia haraka. Burdett Road alikuwa ameshinda hapo Cheltenham mwezi Novemba lakini mbele ya wapinzani wa daraja la chini kidogo, na Winter Fog ndiye aliyekuwa wa pili ile siku ya urefu wa farasi 30.

Treni ilipita Swindon, ikaingia bonde la Stroud lenye nyumba za mawe ya manjano, ikasimama Gloucester na kugeuza mwelekeo, na saa mbili hivi baada ya kuondoka London tukashuka Cheltenham Spa. Mabasi yalikuwa yamepangwa nje ya kituo. Uwanja wenyewe uko Prestbury Park, chini ya kilima cha Cleeve, na mgeni akifika jambo la kwanza analoligundua ni kwamba hakuna mahali palipo sawa. Farasi hupanda kuelekea kilimani, hushuka kwa kasi kwenye mteremko, hukata kona, kisha hupanda tena mpaka mstari wa mwisho. Mjomba alisimama kwenye uzio akaitazama sehemu ile ya mteremko kwa muda mrefu. "Hapa farasi anasukumwa na kilima," alisema. "Akikosea hesabu ya hatua hana pa kujirekebisha."

Karibu na kiwanja ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio kuna sanamu ya Dawn Run, jike wa Ireland aliyeshinda Champion Hurdle mwaka 1984 na Gold Cup, taji la mbio ndefu za vizuizi vikubwa, mwaka 1986. Hakuna farasi mwingine aliyewahi kuyashinda mataji hayo mawili. Nilimkumbusha Mjomba kwamba tangu 1927 majike sita walikuwa wamelitwaa taji la viunzi, na kwamba wawili kati yao, Epatante na Honeysuckle, walilitwaa kati ya 2020 na 2022, kwa hiyo asije akadhani kwamba jike anaingizwa kwa kuhurumiwa.

Saa tisa na dakika ishirini ilikimbiwa mbio ya majike, na Lossiemouth akaishinda kwa raha. Ushindi ule ulinifanya nifikiri upya. Lossiemouth alikuwa ameanguka Leopardstown mwezi Februari, siku State Man aliposhinda, na ndipo wenye naye wakaamua asiingizwe kwenye Champion Hurdle. Farasi wa daraja lake, mwenye kuruka vizuri, alikuwa chini majanini kwa kosa la mara moja. Nilimwambia Mjomba kwamba iwapo Constitution Hill angesimama kwa miguu yake mbio nzima, nisingeona wa kumzuia, lakini kwamba sharti hilo lilikuwa zito kuliko dau lilivyoonyesha.

Farasi saba walipoingizwa kiwanjani tulikuwa tumeshajibana kwenye kizuizi. Mjomba hakutazama vichwa vyao kama watu wengi wanavyofanya. Alitazama miguu ya nyuma, kuona kama kwato ya nyuma inakanyaga mbele ya alama iliyoachwa na ya mbele, kwa kuwa huo ndio ushahidi wa mgongo ulio huru. Alitazama jasho katikati ya mapaja, masikio, na mng'ao wa manyoya, ambao mwezi Machi, baada ya baridi ndefu, humwambia saisi mengi kuhusu chakula na afya. Constitution Hill alizunguka kwa utulivu kabisa, kichwa chini, kana kwamba umati haukuwapo. Mjomba alimpenda. Hata hivyo, nilipomtaka achague mmoja, alimchagua State Man, kwa sababu hatua yake haikubadilika hata kidogo kutoka mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mbio yenyewe ilikwisha kwa dakika zipatazo nne. Kwenye kiunzi cha tano Constitution Hill, aliyekuwa akienda bila taabu, aliondoka mbali kama desturi yake, akagonga na kuanguka. Sauti iliyotoka kwenye majukwaa sikuwahi kuisikia uwanjani: maelfu ya watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Aliinuka mara moja, mzima, nasi tukageuza macho mbele. Brighterdaysahead hakuwa yule wa Leopardstown. Walipoteremka kilima alikuwa tayari anahimizwa na Jack Kennedy, na mwendo haukuja. State Man alichukua uongozi, akakata kona akiwa peke yake, na Mjomba, mtu asiyepaza sauti, alikuwa akimwita kwa jina. Alifika kiunzi cha mwisho akiwa ameshinda kwa kila kipimo isipokuwa kimoja. Akakigonga, akapiga magoti, akalala. Golden Ace, aliyekuwa nyuma yake, alipita pembeni na kupanda mlima mpaka mwisho akiwa na joki Lorcan Williams, akimwacha Burdett Road kwa urefu wa farasi tisa. Winter Fog alikuwa wa tatu, na Brighterdaysahead wa nne.

Wapo waliosema jioni ile, kwenye foleni ya mabasi, kwamba Golden Ace alipewa taji bure. Sikubaliani nao. Alikuwa jike wa saba kulitwaa, aliruka viunzi vyote vinane, na ndiyo kazi yenyewe. Zaidi ya hapo, alikuwa amemtangulia Brighterdaysahead kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja kwenye mlima huo huo, jambo ambalo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye kumbukumbu za mbio. Lakini mtu akiniuliza nani alikuwa farasi bora uwanjani Jumanne ile, namtaja State Man. Mwanzoni mwa Mei, huko Punchestown, Ireland, walikutana tena, na safari hii alivipita viunzi vyote: State Man wa kwanza, Golden Ace wa pili, na Constitution Hill, ambaye katikati alikuwa ameanguka tena kwenye uwanja wa Aintree, wa tano. Mjomba alinipigia simu kabla farasi hawajavuliwa matandiko.