Upepo wa Daku

Baba mkwe wangu hakujaaliwa mtoto wa kiume. Ana mabinti wanne, na mkwe aliyekuwa karibu ni mimi. Kwa hiyo alipopasuliwa tumbo pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, Ramadhani ya 2014, zamu za usiku za wodi ya wanaume zikawa zangu.

Anayejua ukwe wa Nungwi atanielewa. Miaka sita nimemuoa mwanawe, sijawahi kusema naye bila kuinamisha macho. Sasa naambiwa nimwage mfuko wa mkojo wake, nimpanguse, nimshike mgongo akae. Usiku wa kwanza aligeuzia uso ukutani akijifanya kalala, na mimi nikajifanya nimeamini.

Kabla ya kupasuliwa, siku tatu nzima tumbo lilikuwa limemfura kama ngoma, choo hakuna, anatapika kijani. Sisi tukasema gesi, tukamnywesha tangawizi. Kumbe utumbo umejisokota, kipande kimekosa damu kimekufa. Walikikata wakaunga ncha mbili. "Kama kuunga kamba," alisema mzee alipozinduka. "Muombe Mungu fundo lisifumuke."

Basi hali wala hanywi. Mpira puani, dripu mkononi. Kila asubuhi daktari akimsikiliza tumbo, kisha anauliza: "Mzee, umeshatoa hewa?" Utumbo ukishakatwa hulala, na dalili ya kuamka ndiyo hiyo. Mzee anatazama dari. Aseme vipi mbele ya mkwe? Daktari akadhani hasikii, akarudia kwa sauti kubwa, tena kwa lile neno tunalowagombeza watoto wakilisema. Wodi nzima kimya. Nikatoka nje kuangalia bahari.

Nesi mmoja mtu mzima akatuonea huruma (nadhani mimi zaidi), akaligeuza swali: "Nahodha, upepo?"

"Shwari," anajibu mzee. Kesho yake, shwari.

Mchana ilikuwa kazi: kaa, shusha miguu, vuta pumzi, kohoa. Kukohoa ndiko kulikomtoa machozi. Nesi alitufundisha akumbatie mto, aubane juu ya mshono, ndipo akohoe, maana makohozi yakibaki kifuani huleta nimonia. Halafu hatua kumi hadi mlangoni, yeye mbele, mimi nyuma na chupa ya dripu juu na mfuko chini, kama mpambe wa bwana harusi.

Lakini saa nzito ilikuwa magharibi. Jamaa za wagonjwa wanafungua hotipoti, harufu ya supu ya pweza imetanda, naye midomo imemkauka. Nikawa nafuturia nje, tende mbili na chai, nisimtie hamu. Siku ya tatu akaniita. "Njoo ule hapa. Mwenye saumu hafuturu kwa kujificha." Nikala nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Akanitazama mpaka nikamaliza, akauliza kama tende zilikuwa nzuri.

Usiku wa nne, wapiga daku wanapita na ngoma zao huko mitaani, nikahisi mkono begani.

"Mwanangu." Akasita. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Kamwambie yule nesi upepo umegeuka."

Nilikimbia pekupeku. Nesi akainua uso kwenye daftari. "Unavuma kutoka wapi?"

"Kusini," nikajibu, haraka kuliko akili yangu. Alicheka mpaka akaegemea meza.

Asubuhi daktari akasikiliza tumbo, akaamuru mpira wa puani utolewe na mzee aanze maji, kijiko kimoja kimoja. Mke wangu akapiga simu kuuliza hali. Sikujua nimweleze kwa maneno gani habari ile ya babake, nikampa simu mwenyewe.

"Sijambo," alisema, sauti imemkwaruza kwa ule mpira. "Mwambie mama'ako aweke pweza motoni."

Nikamnyang'anya simu.