Mbele ya kaburi la Chris von der Ahe

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye makaburi ya Bellefontaine, hapa St. Louis, Marekani, nikasimama kwa muda mrefu mbele ya sanamu ya Chris von der Ahe, ambayo yeye mwenyewe aliiagiza enzi za uhai wake na ambayo kwanza ilikuwa nje ya uwanja wake wa besiboli. Alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, mwenye duka la vyakula na baa, ambaye inasimuliwa kuwa alivutiwa na mchezo huo alipoona wateja wake wakirudi kutoka uwanjani na kiu kali. Mwaka 1882 timu yake ya Browns iliingia katika ligi mpya iliyoruhusu tiketi za senti 25, bia na michezo ya Jumapili, ilhali ligi kongwe ilitoza senti 50 na kuikataza Jumapili, siku pekee ya mapumziko ya vibarua. Kwangu mimi, niliyefika mji huu nikiwa mgeni, kuwafungulia vibarua lango ni jambo kubwa kuliko hata ubingwa wa mara nne mfululizo, 1885 hadi 1888. Baadaye alifilisika, akaipoteza timu ambayo leo ni Cardinals, na akafariki mwaka 1913.