Mtutume kama mnavyoozesha

Wapendwa, habari za siku nyingi. Wengine mmesikia ikitangazwa kanisani, wengine mmeambiwa na majirani, na simu zimekuwa nyingi kiasi kwamba acha niandike tu hapa kila mtu asome. Ni kweli. Mimi na mume wangu na watoto wetu wawili tunaenda kutumika Lichinga, Msumbiji, Mungu akipenda baada ya shule kufungwa mwezi wa kumi na mbili. Sio semina ya wiki moja, tunahama kabisa. Mume wangu anaenda kufundisha wainjilisti, mi nabeba cherehani yangu, nitafundisha kina mama ushonaji na kusaidia watoto wa shule ya Jumapili.

Karibu kila tunayemwambia anauliza kitu kilekile, "Msumbiji? Kuna nini Msumbiji?" Najua tungesema Marekani au Ujerumani vingepigwa vigelegele. Na sishangai sana, sisi tumelelewa tukijua mmisionari ni mtu anayekuja kwetu, mzungu, ana gari lake, na hela zake zinatoka kwao. Nawaheshimu mno wale waliotangulia. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa 1844 na mkewe Rosina, na mwaka huohuo Rosina akafariki pamoja na kichanga chake, mimi kama mama nikifika hapo huwa nanyamaza. Lakini mbona hatumsimulii Cecil Majaliwa? Huyu alikuwa Myao, mtoto aliyekombolewa utumwani akalelewa na misheni ya Waanglikana ya UMCA Zanzibar, 1886 akatumwa Chitangali huko upande wa Masasi na Newala akaenda na mkewe, na 1890 akawekewa mikono kuwa padri, Mwafrika wa kwanza kwenye misheni ile. Na baada yake kuna Yohana Abdallah, Myao pia, kasoma Kiungani Zanzibar, halafu akaenda kutumika Unangu, ambayo iko hukohuko mkoa wa Niassa tunakoenda sisi. Kwa hiyo watu weusi wa kanisa la pwani hii walishaenda kwa Wayao zaidi ya miaka mia iliyopita.

Lichinga ndo makao makuu ya mkoa wa Niassa, iko juu kama mita 1,300 hivi na kuna baridi hasa, watoto wangu wa Mbagala hawajawahi kulala na blanketi mbili, sasa watajua. Wayao tunaoenda kuishi nao wengi ni Waislamu, na hapo watu wanatuangalia kama tunaenda vitani, jamani, sisi tumeishi na majirani Waislamu maisha yetu yote, tumekula pilau ya Idi kwao na wao wamekula ya Krismasi kwetu, tumezikana. Hatuendi kugombana na mtu, tunaenda kuishi na watu na kumsema Yesu kwa yeyote anayetaka kusikia.

Kuhusu usalama naongea wazi maana ndo kinachomnyima mama yangu usingizi. Mapigano ya waasi na serikali yalianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, na mwishoni mwa 2021 yakagusa hadi wilaya ya Mecula ambayo iko Niassa. Lichinga iko upande wa magharibi, karibu na Ziwa Nyasa, mbali na huko. Tumeongea na watu wanaoishi pale, tumeomba, tumekubaliana pia kwamba wenyeji wakisema ondokeni tunaondoka, hatubishani.

Makaratasi nayo. Nawaandikia wale mnaofikiria kufuata. Anzeni na vyeti vya kuzaliwa vya watoto pale RITA, ofisi ya serikali ya vizazi na vifo, maana bila hivyo pasipoti haisogei, pasipoti ni 150,000 kila kichwa, na mtoto naye ni kichwa, kwa hiyo familia ya watu wanne ni laki sita kabla hujanunua hata begi. Chanjo ya homa ya manjano msisubiri wiki ya safari, ile kadi inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa, ila tangu 2016 ukichoma mara moja ni ya maisha. Kuna cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, mnapigwa alama za vidole. Na mkifika kule kuna kitambulisho cha mkaazi mgeni wanakiita DIRE, hicho nacho kina gharama zake.

Lugha ndo inanipa kazi. Shule kule ni Kireno, na mkubwa wangu anamaliza darasa la tano hapa kwa Kiswahili. Tumepata dada mmoja wa Kimsumbiji anayeishi Temeke, anakuja Jumamosi, na naona watoto wanatupita mbali sana mimi na baba yao. Kiyao tunafundishwa na mama mkwe, yeye ni wa Tunduru. Anakaa mkekani na ungo wa mchele, anachambua, anasema neno, wajukuu wanarudia, akisikia limepinda anasimamisha mkono juu ya mchele mpaka walirudie sawa. Hawaruki neno.

Na huyu mama mkwe ndo kidonda changu. Ana presha, anaishi na sisi, hawezi kwenda. Alituambia mwenyewe, "Nendeni wanangu, mimi nilimtoa huyu kwa Mungu akiwa mdogo, siwezi kumdai leo." Akasema hivo akainuka akaenda kuoga. Wifi atamchukua, na jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye anaswali swala tano, ameniambia dawa za mama atazisimamia yeye wifi akiwa kazini. Niliposikia hivo nililia.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Tunapoomba kuungwa mkono naambiwa usharika hauna uwezo, tusubiri wafadhili wa nje. Hapo nakataa kwa moyo wangu wote. Sisi watu wa Dar tukitangaziwa harusi nini kinatokea? Grupu la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo, kuna mwenyekiti, mhazini, vikao kila Jumapili, kadi za singo na dabo, watu wanaahidi, wanafuatiliwa kwenye simu mpaka wanalipa, na mamilioni yanapatikana. Hapo bado kicheni pati na sendofu. Sisemi harusi zipungue, nimeolewa na michango hiyohiyo na nashukuru. Ninachosema ni kwamba uwezo upo na ujuzi wa kukusanya tunao kushinda watu wengi, tatizo ni kwamba hatujawahi kuona kumtuma mtu ni shughuli yetu. Tunamwekea mikono, tunaimba, tunapiga picha, halafu ada ya mtoto wake inakuwa siri yake na Mungu.

Wa kwanza kulielewa hili ni mama mmoja anayeuza maandazi karibu na stendi. Kaahidi elfu tano kila mwezi, na ameshaanza kuleta kabla hata hatujaondoka, inakuwa noti za elfu moja moja zimekunjwa ndani ya karatasi ya daftari, na juu kaandika jina la mwanangu mdogo, eti ya kwake ya madaftari. Akaniuliza, "Mkiumwa huko nani atawauguza?" Hakuna kikao kilichowahi kutuuliza hivyo. Bima yetu ya hapa haitufuati kule, na malaria iko kama kwetu, kwa hiyo swali lake ndo limefanya tuweke fungu la matibabu kwenye bajeti.

Basi kamati imeundwa. Inakaa kila Jumapili baada ya ibada ya pili, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya mchungaji, na daftari la ahadi liko kwa mhazini, mama wa kwaya kuu, wengi mnamjua. Nauli ya basi mpaka Songea na gari la kuvukia mpaka wa Mkenda tayari imepatikana. Bado kodi ya nyumba ya miezi sita, ada, na hilo fungu la matibabu. Ahadi ya kila mwezi hata ikiwa elfu mbili ileteni, tunaihitaji kuliko mchango mkubwa wa mara moja. Na kama kuna mtu ana masweta ya watoto wa miaka minane na kumi na moja, au majora ya vitenge vya kufundishia, anitumie meseji nitakuja kufuata mwenyewe.