Tafakari ya wiki: Nyumba iliyokwanguliwa

Bwana asifiwe wapendwa. Najua wengi mlitegemea tuendelee na Wafilipi tulipoishia, tutarudi, ila mimi nimekwama sehemu moja tangu Jumatatu na sioni faida ya kuwaandikia kitu ambacho moyo wangu haupo. Somo ni Walawi 14, mstari wa 33 mpaka 53. Ndio, Walawi, ile sehemu ambayo ukiwa kwenye mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja unaipita mbio mbio huku umefumba jicho moja.

Mnajua tulimpoteza paka wetu, Kijivu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Jumanne hakugusa chakula, jioni akaanza kutapika, Jumatano akawa anakaa tu mbele ya bakuli la maji kichwa kimeinama, anayatazama maji wala hanywi, na Alhamisi alfajiri nikamkuta ameshapoa. Daktari wa wanyama akasema ni panleukopenia, ile wengine wanaita parvo ya paka, kirusi kinachoharibu utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu, mwili unabaki hauna askari. Alafu akasema ina chanjo. Nilikuwa najua ina chanjo. Kijivu alipata dozi ya kwanza akiwa mdogo, nikaambiwa nimrudishe baada ya wiki 3 au 4, tuendelee hivyo mpaka afikishe wiki 16, na mimi sikumrudisha. Siwezi kusema nilibanwa na kazi au nilikuwa safarini, nilisahau tu, siku zikapita, paka anaruka ruka mzima kabisa, nani atakumbuka sindano.

Sa, watu wa Mungu wana upendo sana ila wakati mwingine tunakuwa na haraka. Siku ileile mpendwa mmoja akaniambia, "Dada, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Mwingine akasema, "Mama, si ni paka tu, watoto wako wazima, mshukuru Mungu." Nikaitika amina kote kuwili. Nilipoingia jikoni nikalia na bomba la maji limefunguliwa ili watoto wasisikie.

Kuhusu hilo la "ni paka tu" nitasema kidogo tu nipite. Nathani alipotaka kuufikia moyo wa Daudi, 2 Samweli 12, alimweleza habari za mtu maskini na mwana-kondoo wake mmoja, aliyekula tonge lake na kunywea kikombe chake na kulala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Na Daudi, mfalme, mtu wa vita, alikasirika mpaka akaapa. Hakusema "nabii, si ni kondoo tu." Basi. (Na kabla hamjaniuliza, hapana, paka wa nyumbani hatajwi kwenye vile vitabu 66. Wenzetu Wakatoliki wanao kwenye Barua ya Yeremia, mwishoni mwa Baruku, paka wanapanda juu ya sanamu za miungu na sanamu haziwezi hata kuwafukuza. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, manake Kijivu angekuwepo angelala juu ya hiyo sanamu mchana kutwa.)

Turudi kwenye nyumba. Wiki kadhaa baadaye mwanangu akaanza kuomba paka mwingine, nikampigia daktari, nikidhani atasema haya hongera njoo uchukue. Akasema ngoja kwanza. Hicho kirusi paka akishakufa chenyewe hakifi, kinaweza kukaa ndani ya nyumba mpaka mwaka mzima, kwenye sakafu, kwenye mazulia, kwenye mablanketi, hata kwenye soli za viatu. Binadamu hakimdhuru ila mtoto wa paka asiye na kinga ukimleta humo ni kama umemleta kaburini. Ndio nikakaa kwenye kiti pale sebuleni nikaangalia nyumba yangu, nyumba ninayoipiga deki kila siku, nikaona kumbe ina pigo.

Na hilo neno pigo ndilo lililonirudisha Walawi 14. Mtu anaona madoa kwenye kuta za nyumba yake, anaenda mwenyewe kwa kuhani anamwambia naona kama kuna pigo nyumbani kwangu. Anaenda mwenyewe! Kuhani hakutumwa kumkagua. Alafu angalieni mstari wa 36, kuhani kabla hajaingia anaagiza vitu vyote vitolewe nje kwanza, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Mimi nimeokoka siku nyingi na sikuwahi kuiona huruma iliyomo kwenye huo mstari. Mungu anajali masufuria ya mtu na mkeka wake na vitu vyake vidogo vidogo. Baada ya hapo nyumba inafungwa siku saba. Ikionekana pigo limeenea, mawe yenye madoa yanatolewa, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, yanawekwa mawe mengine na nyumba inapakwa upya. Kubomoa kupo, mstari wa 45, pigo likirudi, ila kubomoa sio hatua ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimeshabomoa. Nilikuwa nimeapa hakuna mnyama tena kwenye nyumba hii, na mwanangu akiuliza namkatisha.

Haya, tukaanza usafi. Daktari alinielekeza klorini, ile blichi ya kawaida ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, na unaiacha ikae imelowa dakika 10 kabla ya kufuta, manake dawa nyingi za kudekia zinazonukia vizuri hicho kirusi haziwezi. Madirisha wazi, na usichanganye na sabuni nyingine wala dawa yoyote, mvuke wake ni sumu. Ila kuna jambo alisisitiza mara mbili, akasema kabla ya blichi osha kwanza kwa sabuni na maji, ondoa uchafu wote, suuza, manake blichi ukiimwaga juu ya uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu na kirusi kinabaki chini yake salama salmini.

Wapendwa, nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye kona ya sanduku lake la mchanga, nina brashi mkononi, na hilo jambo likanikamata. Nikakumbuka "Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Ni neno la kweli, na lina nguvu, ila Ayubu alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa amerarua joho na kunyoa kichwa na kuanguka chini. Kwangu lilimwagwa juu ya uchafu ambao hakuna aliyeuosha, na mimi mwenyewe nilikuwa sijauosha, kile kitu cha chanjo, sikuwa nimemwambia mtu hata mume wangu. Alijua paka ameugua. Hakujua kuna dozi niliruka. Nikaitika amina na chini yake hatia ikabaki salama salmini.

Jioni ile nikamwambia. Hakusema maneno mengi, alichukua brashi akaendelea na ukuta pale nilipoachia. Na kesho yake nikamwambia mwanangu pia, kwa lugha ya mtoto, kwamba mama alisahau sindano ya Kijivu na mama ameomba msamaha kwa Mungu na anaomba na kwako. Alininunia mpaka usiku, siwezi kumlaumu.

Kuna vitu havioshiki. Blanketi lake, kile kigogo chenye kamba alichokuwa anakwaruza, boksi la karatasi alilolipenda kuliko kitanda tulichomtafutia, bakuli la plastiki lenye mikwaruzo, vyote tulifunga kwenye mifuko vikatupwa, manake kwenye vinyweleo na mikwaruzo dawa haifiki. Nimebakiza mkanda wake wa shingoni tu. Nimeutia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza nikaiweka juu kabisa ya kabati. Sijui kama hiyo ni imani au ni ushamba, ila nilikuwa nasoma Zaburi 56:8, pale Daudi anapomwomba Mungu atie machozi yake katika chupa, nikaona kumbe hata mbinguni kuna chupa zimehifadhiwa vitu ambavyo mtu mwenye akili angevitupa.

Sasa mwingine anakuja. Ni jike, mweusi mwenye soksi nyeupe, ana miezi minne na nusu. Tulimtaka akiwa mdogo zaidi ila daktari alisema kwa nyumba yenye historia kama yetu amalize kwanza chanjo zote kule alikozaliwa, mpaka ile ya wiki 16, na kinga ipate muda wa kukaa sawa. Tarehe ya marudio ya mwaka ujao nimeiandika kwenye simu, kwenye kalenda ya ukutani, na ndani ya jalada la Biblia yangu. Chekeni tu.

Tumemwandalia chumba kimoja kwanza, kile kidogo, manake paka mgeni ukimwachia nyumba nzima siku ya kwanza anaingiwa na hofu anajificha pasipofikika. Chakula na maji upande mmoja, sanduku la mchanga upande wa mbali, nani anataka kula karibu na choo, na boksi lililolazwa ubavu ili awe na pa kujifichia bila kukwama. Nyuzi za kushonea zimeingia kwenye kopo, uzi ukimezwa unaweza kukatakata utumbo. Panadol imepanda juu kwenye kabati, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka. Na yale maua, kuna mtu alituletea maua mazuri ya pole yakiwemo malili, nilitaka niyaache yapambe mezani, daktari akasema toa leo leo, paka akilamba hata ule unga wa ua uliodondoka kwenye manyoya figo zinakufa. Nimeliwaza sana hilo, kwamba kilicholetwa kumfariji aliyefiwa kinaweza kumuua anayekuja. Sijamwambia aliyeleta, alileta kwa upendo.

Jana mwanangu akaniuliza, "Mama, huyu mpya akija, Kijivu atajua?" Nikamwambia sijui mwanangu. Akauliza tumwite Kijivu pia? Nikasema hapana, huyu ni mweusi, na hata angekuwa wa kijivu hapana, atakuja na jina lake. Hawa alipompata Sethi alisema wazi kabisa Mungu amemwekea uzao mwingine mahali pa Habili, Mwanzo 4:25, ila hakumwita Habili.

Nyumba ya Walawi ikishapona, kuhani anachukua ndege wawili. Mmoja anachinjwa juu ya maji ya mtoni, na yule aliye hai anachovywa kwenye damu ya mwenzake na kwenye yale maji, alafu anaachiliwa nje ya mji, anaruka. Nimesoma hapo mara nyingi wiki hii. Najua tunapopeleka hiyo picha sisi tuliookolewa, na ni sawa. Ila juzi usiku nilimwaza tu huyo ndege wa pili, mzima, manyoya yamelowa damu isiyo yake, anaruka kwenda uwandani.

Tuombe. Baba, asante kwa mwaka mmoja na miezi mitano. Asante kwamba ulitaka vitu vyetu vitoke nje kabla hujatazama kuta. Nilichosahau nimekisema. Wapo wanaosoma hapa wamefungia chumba ndani ya nyumba zao na mimi siujui msiba wao, wewe unaujua, kaa nao hizo siku saba. Mkumbuke na huyu mdogo anayekuja Jumamosi, asiogope sana njiani. Katika jina la Yesu, amina.

Mniombee jamani. Na nimekumbuka sasa hivi sijaziba ile nafasi nyuma ya friji, naenda.