Nilivyofunga amplifaya na sabufa mbili licha ya washauri

Sijui nani aliyewafundisha watu kwamba amplifaya huchaguliwa kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha lake, lakini karibu kila niliyemuuliza kuhusu muziki wa gari langu alinihimiza ninunue yenye wati nyingi kuliko zote. Namba hizo aghalabu ni za kilele, yaani nguvu ya kitambo kifupi mno; yenye maana ni ile ya RMS, ambayo kifaa kinaweza kuidumisha. Mimi nilianza kwa kutazama fyuzi. Amplifaya inayojitangaza kuwa na wati 2000 huku ikilindwa na fyuzi ya ampea 30 inajisuta yenyewe, kwani ampea 30 kwa volti 14 ni wati 420 zinazoingia, na sehemu ya hizo hupotea kama joto.

Nilichukua mbili: ya chaneli nne kwa spika za milango, na ya chaneli moja, daraja D, kwa sabufa, yaani spika kubwa za besi, kwa sababu daraja hilo hupoteza umeme kidogo. Hii ya pili hutoa wati 500 kwenye omu 2, omu ikiwa ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Sabufa zangu zina omu 4 kila moja. Zikiunganishwa sambamba hupatikana omu 2, na zikiunganishwa kwa mfululizo hupatikana 8. Jamaa aliyesisitiza nizifunge kwa mfululizo ili zisiungue alikuwa akinishauri, bila kujua, niitupe sehemu kubwa ya nguvu niliyokwisha kuilipia, kwani omu zikizidi amplifaya hutoa wati chache, ingawa angekuwa na hoja kama amplifaya isingestahimili omu 2.

Fundi alipitisha nyaya vizuri, fyuzi kuu ikakaa karibu kabisa na betri, lakini nilipowasha, besi ilikuwa nyembamba ajabu. Mshauri mmoja akasema amplifaya ni ndogo. Mwingine akalilaumu boksi la sabufa. Niliyakataa yote mawili baada ya kugundua jambo la kuchekesha: nikichomoa sabufa moja, iliyobaki inanguruma kuliko zilivyokuwa mbili. Spika mbili zinazoshindwa na moja hazina upungufu wa wati, zinapingana.

Hapo ndipo nilipochukua betri ya volti 1.5 ya saa ya ukutani. Nilizitenga sabufa na amplifaya, kisha nikagusisha betri kwenye terminali za kila moja kwa nukta tu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ya kwanza ilisukuma koni yake nje kwa adabu. Ya pili ikairudisha ndani! Nilipofungua boksi nilikuta nyaya zimepishana nyuma ya terminali, mahali ambapo hapaonekani kwa nje. Moja ilikuwa ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi ikafia katikati. Nilizigeuza nyaya hizo mbili, na kioo cha nyuma kikaanza kutetemeka kwa amplifaya ileile iliyodaiwa kuwa ndogo. Nilijisifu kutwa nzima. Spika za milango nilizipima vivyo hivyo, ila zile ndogo za sauti kali zenye kapasita (kijifaa kinachohifadhi umeme) njiani hazitoi jibu la kuaminika kwa betri.

Geini nayo huonewa sana, kwa kuwa wengi huizungusha hadi mwisho wakidhani ni sauti, kumbe kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Mimi nilizidisha wati 500 kwa omu 2, nikatafuta kipeuo cha pili cha 1000, nikapata takriban volti 31.6. Sabufa zikiwa zimechomolewa na redio ikicheza mlio wa hezi 50 kwa robo tatu ya sauti, nilipandisha geini hadi multimita, ikiwa kwenye volti za AC, ikasoma kiasi hicho, nikaacha.

Kulikuwa pia na mluzi uliopanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka, na taa zilififia kila besi ilipopiga. Niliambiwa ninunue kapasita kubwa ya bei ya kuumiza. Badala yake niliparua rangi kwa msasa pale waya wa hasi wa amplifaya unapokazwa kwenye bodi ya gari, nikaufupisha, na nikaongeza waya mnene kati ya hasi ya betri na bodi. Mluzi ulikoma, taa zikatulia, na kapasita bado sijainunua.